Daftari la Majirani Nililolitoa kwa Mgombea

Kosa langu ni hili. Mwaka 2023, katika majuma ya kampeni, nililichukua daftari la likirimba, kikundi cha akiba cha mtaa wetu wa Sange, daftari ambalo akina mama na wazee walinikabidhi mimi mwalimu niwaandikie akiba zao, nikalinakili ukurasa baada ya ukurasa, kisha nikaipeleka nakala kwa watu wa mgombea niliyekuwa nikimpigia debe. Ndani yake mlikuwa na majina, namba za simu na namba za kadi za mpiga kura. Sikumwomba ruhusa hata mmoja wao. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikudanganywa. Nilijua daftari si langu, nikalitoa.

Wenye haki ya kuyasikia haya mwanzo ni majirani zangu, na wale nilioweza kuwafikia nimekwisha kuwaambia ana kwa ana. Ninayaandika sasa kwa ajili ya vijana na walimu wenzangu wa bonde la Ruzizi, na kwa yeyote anayejitolea kumfanyia mgombea kazi ya mtaani. Kosa hili lilianza kwa moyo mwema, na ndiyo maana nililitenda bila kusita.

Sange iko Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu, ikashuka milimani hadi Kamanyola, kisha ikalifuata bonde la mto Ruzizi mpaka Uvira, kwenye ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Burundi. Sisi ni watu wa mpunga, mahindi na mihogo, wa ng'ombe na wa biashara ndogondogo za kando ya barabara. Dunia ilisikia jina letu usiku wa tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka katikati ya makazi, watu wakatoka kwenda kuchota, wengine walikuwa wamejaa katika vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 230, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu hapakuwa na namna ya kuwatambua. Tangu siku hiyo, mgombea akitaja barabara, maji au hospitali mbele ya watu wa Sange, anataja mambo ambayo wameyalipia kwa watoto wao.

Mimi nilimwamini mgombea wangu kwa sababu hiyo. Alikuwa akigombea ubunge wa taifa, kiti kimoja kati ya viti 500 vya Kinshasa. Alizungumza juu ya barabara, juu ya maji ya bomba, juu ya wakulima wanaovuna mpunga kisha wakauza kwa bei ya hasara kwa kukosa mahali pa kuuhifadhi. Sikulipwa mshahara wala sikuomba kazi. Jioni baada ya shule nilizunguka mtaa kwa mtaa, nikapanga viti vya kuazima katika viwanja vya watu, akina mama wakakaanga mandazi, vijana wakaleta spika. Kampeni rasmi ilifunguliwa tarehe 19 Novemba 2023 na kufungwa tarehe 18 Desemba, lakini sisi tulikwisha kukutana miezi kabla ya hapo.

Vikao vile vilikuwa na uzuri wake, na sitaukana leo ili kosa langu lionekane kubwa zaidi. Mjane aliyempoteza mumewe katika moto wa 2010 alisimama mbele ya watu akauliza ni nani anayepaswa kusimamia malori ya mafuta yanayopita katikati ya nyumba zetu usiku. Kijana asiyewahi kuhutubia alieleza habari za mifereji iliyojaa mchanga. Watu waliokuwa wakipishana njiani bila kusalimiana walikaa kwenye benchi moja. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuungama.

Likirimba yetu ilikuwa kitu kingine kabisa, cha zamani kuliko mgombea yeyote. Kila juma wanachama walitoa fedha kiasi sawa, na fungu zima likamwendea mmoja kwa zamu yake. Pembeni tulikuwa na sanduku dogo la dharura: mtoto akilazwa, msiba ukitokea, karo ya shule ikikawia. Walikuwamo Wafuliru, Warundi wa bonde, Wavira na Washi, Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Jambo hilo halikuwa jepesi katika bonde letu. Ugomvi wa uchifu kati ya Wafuliru na Warundi umewaua watu wengi hapa, na usiku wa tarehe 6 Juni 2014 huko Mutarule, jirani kabisa nasi, waliuawa watu zaidi ya 30, wakiwamo akina mama na watoto. Baada ya usiku ule mitaa mingi iligawanyika. Likirimba yetu ilisimama kwa muda, kisha ikaanza tena, kwa sababu akina mama wawili wa pande mbili walikubaliana kwamba watoto wa pande zote huugua malaria ileile. Mimi niliikuta ikiwa tayari imepona. Wakanichagua kuwa mwandishi kwa kuwa nilikuwa mwalimu na sikuwa na ugomvi na mtu.

Kwa nini daftari la akiba liwe na namba za kadi za mpiga kura? Kwa sababu kwetu Kongo raia wengi hawana kitambulisho kingine. Kadi ile ya tume ya uchaguzi, CENI, ndiyo unayoonyesha kizuizini barabarani, ndiyo unayopelekea benki, ndiyo unayosajilia simu. Tulipoandika namba ya kadi mbele ya jina la mwanachama, tuliandika kwamba huyu ni yeye na fedha hizi ni zake. Sisi wenyewe tulikubaliana hivyo kikaoni, kwa kazi hiyo tu.

Kampeni ilipopamba moto, watu wa mgombea walituma ujumbe kutoka Bukavu: kila anayejitolea aonyeshe wafuasi alionao. Walitaka orodha yenye jina, simu, namba ya kadi na kituo cha kupigia kura. Mwenye orodha ndefu angepata mafuta ya pikipiki, muda wa maongezi, fulana na vitenge vya kugawa. Wenzangu wa mitaa mingine walianza kupeleka karatasi zao. Yangu ilikuwa fupi, kwa maana watu wengi walikuja vikaoni kusikiliza tu na hawakutaka kuandikwa. Nikaona haya. Nikaona kazi yangu ya jioni zote zile itahesabiwa kuwa bure. Daftari la likirimba lilikuwa mezani kwangu, limejaa majina yaliyokwisha kupangwa vizuri kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilijipa sababu tatu usiku ule, na nitazisema zote. Ya kwanza, kwamba wanachama karibu wote walikuwa wamehudhuria vikao, kwa hiyo wako upande wetu. Haikuwa kweli: kuhudhuria si kukubali, na katika mtaa mdogo mtu huhudhuria kwa heshima ya jirani aliyemwalika. Ya pili, kwamba wakisaidiwa sabuni na chumvi watanishukuru. Ya tatu, kwamba mgombea wetu ni mwema na orodha haitadhuru. Sababu ya tatu ndiyo iliyonipofusha. Nilikuwa nimempa mtu mmoja imani yangu yote, nikadhani ninaweza kumpa na imani ya wengine.

Mimi ni mwalimu. Nimewafundisha watoto habari za MPR, chama alichokianzisha Rais Mobutu mwaka 1967, ambacho kilimhesabu kila raia kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Hakuna aliyeulizwa. Mkubwa wa mtaa alikuwa mkubwa wa chama, na salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, ilikuwa kazi ya serikali na ya chama kwa pamoja. Hali hiyo ilidumu mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu mwenyewe alipotangaza kuruhusu vyama vingi. Nilisimama mbele ya ubao nikawaeleza watoto kwamba jambo lile lilikuwa kumnyang'anya mtu nafsi yake. Kisha nikarudi nyumbani, na kwa kalamu yangu nikawafanyia majirani zangu jambo lilelile. Niliwaandikisha upande ambao hawakuuchagua.

Matokeo hayakukawia. Watu wa kampeni walifika na magunia ya chumvi na katoni za sabuni, wakasimama kiwanjani na kuanza kuita majina moja baada ya jingine kwa kipaza sauti, kwa mpangilio uleule wa daftari. Mama mmoja, yule aliyetunza sanduku la dharura, aliposikia jina lake hakusogea. Aliitwa tena. Alinitazama akauliza, "Mwalimu, hawa wamenijuaje mpaka namba yangu ya kadi?" Nilimjibu kwamba ni mambo ya kampeni tu, Mama, asiwe na wasiwasi. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza mbele ya kikundi kile, na niliusema bila kutetemeka. Shemeji yake alikuwa akimpigania mgombea mwingine. Jioni hiyo nyumbani kwao mama huyo aliitwa msaliti kwa jambo ambalo hakulifanya.

Halafu uvumi ukaanza. Watu walisema kwamba mwenye namba ya kadi yako ataona kwenye mashine umemchagua nani. Si kweli. Kifaa cha kupigia kura kilichotumika 2018 na tena 2023 huchapa karatasi ya kura isiyo na jina wala namba ya mpiga kura. Lakini ningelieleza hilo vipi wakaniamini, wakati mimi ndiye niliyezitoa namba zenyewe? Mzee mmoja wa likirimba yetu alikuwa amepiga kura tarehe 30 Julai 2006, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka zaidi ya 40, akiwa amevaa koti lake la harusi. Alipiga tena 2011, akapiga na 2018. Tarehe 20 Desemba 2023 alibaki nyumbani. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kumkasirisha mtu asiyemjua. Mimi niliyezunguka mitaa nikiwahimiza watu wasipoteze haki yao ya kura ndiye niliyemnyima mzee huyu ya kwake.

Mgombea wetu hakupata kiti. Hapo ndipo lilipojitokeza kosa jingine dogo lililofunikwa na lile kubwa. Katika vikao vyote sikuwahi kuwaeleza watu jinsi kura zinavyohesabiwa. Tangu sheria ya mwaka 2017, orodha ya chama au muungano isiyofikisha asilimia 1 ya kura za wabunge nchi nzima huweza kukosa kiti, hata kama mgombea wake amependwa sana katika wilaya yake. Kumbe kura ya mtu wa Sange inategemea pia kura za watu wa Kinshasa na Kananga asiowajua. Mtu anayejitolea kweli angelifundisha jambo hilo kwanza. Mimi muda wangu niliutumia kukusanya majina.

Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, rushwa na kushika vifaa vya kupigia kura kinyume cha sheria. Nilisoma orodha ile, sikumkuta mgombea wetu, nikapumua. Nikajiambia kwamba basi tulikuwa safi. Nilipima kosa langu kwa kipimo cha makosa ya wakubwa, nikajiona sina deni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba walionidai hawakuwa CENI.

Likirimba ilivunjika mwanzoni mwa mwaka 2024. Hakuna aliyegombana hadharani. Mmoja alisema mavuno yamekuwa mabaya, mwingine akasema anasafiri, wa tatu akatuma mtoto kuchukua fungu lake la dharura. Waliobaki wakaunda vikundi viwili, na kila mtu aliona kwamba vimegawanyika kwa makabila, kama vile mwaka 2014. Akina mama waliokwisha kutoa majuma mengi na hawajafikiwa na zamu yao walipoteza fedha. Kitu kilichokuwa kimepona baada ya mauaji ya Mutarule, mimi nilikivunja kwa nakala ya daftari.

Kisha vita vikaja. Tarehe 16 Februari 2025 Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, na hofu ikashuka na barabara mpaka kwetu. Watu wa Kamanyola, Luvungi na Sange walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa miguu ndani ya maji, na katika majuma machache maelfu kwa maelfu walijazana katika uwanja wa mpira wa Rugombo na maeneo ya jirani. Nami nilikuwa miongoni mwao. Huko nilijifunza thamani ya kile nilichokuwa nimekitoa. Nakala yangu ilikuwa imepelekwa Bukavu. Ilikuwa katika ofisi gani, katika kabati la nani, hakuna aliyeweza kuniambia. Nilimtafuta kwa simu mtu niliyemkabidhi. Alisema walikimbia wakaacha kila kitu. Majina, simu na vitambulisho vya majirani zangu, chini yake jina la mgombea ambaye wengi wao hawakumchagua, katika mji uliokuwa umebadilisha mwenye bunduki. Sijasikia kwamba yuko aliyedhurika kwa sababu ya karatasi zile. Lakini usalama wao tangu siku hiyo hautokani na uangalifu wangu, na hilo sitaweza kulirudisha nyuma.

Rugombo ndiko nilikomkuta yule mama wa sanduku la dharura. Alikuwa amepanga foleni ya maji. Nilimwambia yote: daftari, nakala, uongo wa siku ya chumvi, na kwamba sijui karatasi ziko wapi. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mwalimu, mimi nilijua tangu siku ile. Nilingoja uje mwenyewe." Kisha akanituma niende kwa wengine, mmoja mmoja, nisiwaambie kwa kundi, ili kila mtu apate nafasi ya kunijibu anavyotaka. Nimefanya hivyo. Wengine wamenisamehe, wengine wamenisikiliza wakanyamaza, na mzee mmoja alinifukuza mlangoni. Wote wana haki. Akina mama ambao zamu yao haikufika ninawalipa kidogokidogo kutoka katika mshahara wangu, na nimekataa kuwa mwandishi wa kikundi chochote mpaka deni hilo liishe.

Sisemi kwamba watu wasijitolee. Mwaka huohuo wa 2023, daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, mshindi wa Nobel ya Amani ya mwaka 2018, aligombea urais. Dhamana ya mgombea urais ilikuwa franka milioni 160, na wananchi wa kawaida, wengi wao wanawake, walichanga ili ilipwe. Katika matokeo hakufikisha hata asilimia 1. Hata hivyo kila aliyetoa franka yake aliitoa mwenyewe, kwa mkono wake, akijua anampa nani na kwa nini. Kushindwa hakukumwachia deni na jirani yake. Kujitolea kwa namna hiyo ni haki ya raia na ni heshima ya nchi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mtakaofanya kazi hii katika uchaguzi ujao, Sange na kwingineko. Mpiganieni mgombea wenu kwa jina lenu wenyewe. Likirimba, kwaya, kikundi cha wakulima na kamati ya msiba viacheni nje ya kampeni, hata kama ninyi ndio viongozi wake. Mkiombwa orodha, mwulizeni kila mtu uso kwa uso, na akisema hapana mwacheni bila kumwuliza sababu. Namba ya kadi msiandike kabisa. Mgombea hana kazi halali nayo. Wafundisheni watu kura inavyohesabiwa kabla ya kuwafundisha wimbo wa chama. Ahadi anayoitoa mgombea aitoe yeye mbele ya watu, msiibebe ninyi, kwa kuwa yeye atarudi Kinshasa au Bukavu, nanyi mtabaki mkichota maji kisima kimoja na mliowaahidi.

Na kwa majirani zangu ambao sijawafikia bado, waliotawanyika Burundi na kwingineko: jina lako lilikuwa katika daftari lile, mimi ndiye niliyelitoa, na hukuwa na kosa lolote. Ukisikia niko wapi, niite. Nitakuja.